Viza Huanzia kwa Mtendaji wa Kata

Mhadhara wa hadhara kwa wazazi, walimu na wanafunzi, Viwanja Sitini, Ifakara



Mada niliyopewa ni maombi ya viza ya mwanafunzi. Wengi huiona kuwa mada ya Dar es Salaam, ya majengo yenye walinzi na mashine za kukagua mikoba. Nitajenga hoja kwamba ni mada ya hapa hapa katika Bonde la Kilombero. Faili linalofika ubalozini limekuwa likiandikwa tangu mtoto yuko kliniki, na walioliandika ni mkunga, mwalimu wa darasa la kwanza, mtendaji wa kata, karani wa benki na baba aliyeuza mpunga. Afisa wa viza analisoma tu. Tukitaka watoto wa Kilombero wasome ng'ambo, kazi kubwa iko kwetu, na huanza miaka mitatu minne kabla ya fomu.

Zamani mwanafunzi alibebwa

Mwaka 1949 safari mbili zilipishana. Profesa Rudolf Geigy wa Basel, Uswisi, alifika Ifakara na kupokelewa na wamisionari Wakapuchini. Mwaka huohuo Julius Nyerere aliondoka Tanganyika kwenda Chuo Kikuu cha Edinburgh, alikohitimu 1952. Nyerere alihitaji ufadhili, nafasi chuoni na nauli. Utaratibu wa viza ya mwanafunzi tunaoujua leo, wenye akaunti, alama za vidole na ada za kila aina, haukuwepo. Uingereza ilianza kuwabana watu wa Jumuiya ya Madola kwa sheria ya 1962, na tangu hapo masharti mengi yameongezwa.

Ziara ya Geigy ilizaa maabara ya utafiti mwaka 1957, na mwaka 1961 kikafunguliwa kituo cha kufundisha watumishi wa tiba papa hapa Ifakara. Maabara ile ndiyo mama wa taasisi ambayo tangu 2008 inaitwa Taasisi ya Afya Ifakara. Kupitia uhusiano huo, Watanzania wamekwenda Basel kusoma uzamili na uzamivu. Mmoja wao ni Dakta Hassan Mshinda, aliyerudi akaiongoza taasisi hii, kisha akawa Mkurugenzi Mkuu wa Tume ya Taifa ya Sayansi na Teknolojia, COSTECH.

Mfano wa pili umepita pale stesheni. Wakati reli ya TAZARA ikijengwa kati ya 1970 na 1975, vijana karibu 200 wa Tanzania na Zambia walipelekwa Beijing mwaka 1972 kusomea uendeshaji wa reli. Walihitajika kwa sababu Wachina wasingekaa milele Mlimba kuendesha treni.

Hao wote walikuwa na bahati moja. Taasisi iliwasemea. Serikali iliandika barua kwa serikali, profesa akamwandikia profesa, na mwanafunzi akapita chini ya bawa hilo. Njia hiyo ingalipo, na mwenye ufadhili wa serikali, wa Jumuiya ya Madola au wa mradi wa utafiti bado hupita kwa wepesi zaidi, kwa sababu swali la fedha limejibiwa na mwingine. Lakini kijana wa Lipangalala aliyepata udahili kwa juhudi zake, akilipiwa na wazazi, hana anayemsemea. Karatasi zake ndizo zitakazosema. Zikipingana, yeye ndiye anayeonekana mwongo.

Afisa anatafuta nini

Kila nchi ina fomu zake, lakini maswali ni matatu. Je, huyu ni mwanafunzi kweli? Je, ana fedha? Je, atafuata masharti ya viza, pamoja na kuondoka muda ukiisha?

Uingereza inataka kwanza namba ya uthibitisho wa udahili kutoka chuo chenye leseni ya kupokea wanafunzi wa kigeni. Halafu ada ya mwaka wa kwanza pamoja na fedha za kujikimu kwa miezi isiyozidi 9. Tangu Novemba 2025 kiwango ni pauni 1,171 kwa mwezi nje ya London na pauni 1,529 ndani ya London. Kwa anayekwenda nje ya London ni pauni 10,539, zaidi ya shilingi milioni 30, kabla hujagusa ada ya chuo. Fedha hizo ziwe zimelala benki siku 28 mfululizo bila kushuka hata siku moja chini ya kiwango, na taarifa ya benki isiwe imepitwa na siku 31 unapotuma maombi. Ongeza mchango wa huduma ya afya, pauni 776 kwa kila mwaka wa kukaa, na ada ya maombi yenyewe, ambayo mwaka 2025 ilikuwa pauni 524. Ongeza cheti cha kupimwa kifua kikuu katika kliniki iliyoidhinishwa, na uthibitisho wa Kiingereza, kwa kuwa Tanzania haimo katika orodha ya nchi ambazo raia wake husamehewa.

Ujerumani inauliza swali la fedha kwa namna nyingine. Mwanafunzi hufungua akaunti iliyozuiwa na kuweka euro 11,904 za mwaka mzima. Akifika kule anaruhusiwa kutoa euro 992 kwa mwezi, basi. Ukali wake una faida: fedha ya kuazima kwa ajili ya kuonyesha haina nafasi, maana haitoki mpaka mwenyewe awe ameshafika.

Uswisi, ambayo sisi tunaijua kuliko wilaya nyingi, ina utaratibu unaowashangaza watu. Maombi ya viza ya muda mrefu hupelekwa kwa ofisi ya uhamiaji ya jimbo lenye chuo. Anayekwenda Basel anaamuliwa na Basel. Hutakiwa kueleza mpango wa masomo, kuthibitisha fedha na kuahidi kwa maandishi kwamba ataondoka akimaliza. Jibu huchukua wiki nyingi, na simu za kubembeleza hazilisogezi.

China humtaka mwanafunzi wa zaidi ya siku 180 aombe viza ya X1, akiwa na barua ya udahili na fomu ya JW201 kwa mwenye ufadhili wa serikali yao au JW202 kwa anayejilipia. Viza hiyo ni ya kuingilia tu. Ndani ya siku 30 za kufika lazima aombe kibali cha ukaazi, na wapo wanaosahau kwa furaha ya kufika.

Marekani ina kifungu mashuhuri, 214(b), kinachomchukulia mwombaji kuwa mhamiaji mpaka athibitishe kwamba ana sababu za kurudi kwao. Kwa sasa habari ya Marekani ni fupi. Tangazo la Rais wa nchi hiyo la Desemba 2025 limesimamisha kuanzia 1 Januari 2026 viza za F, M na J, ambazo ndizo za wanafunzi na za programu za kubadilishana, kwa raia wa Tanzania pamoja na nchi nyingine kadhaa, isipokuwa kwa makundi machache. Tangazo laweza kubadilika kama lilivyokuja. Mpaka libadilike, wakala akikwambia njia ya Marekani ipo, mwulize njia gani, na usitoe hata mia kabla hajajibu.

Jina moja, mtu mmoja

Sasa turudi nyumbani, maana hapa ndipo faili hujengwa.

Karatasi ya kwanza ni cheti cha kuzaliwa. Watoto wetu wengi walizaliwa Idete, Namwawala au Mngeta, wakaandikwa kwenye kadi ya kliniki, na kadi ikabaki ndani ya sanduku. Wengine kadi zao zimekwenda na maji, na wa kando ya Lumemo mnakumbuka masika ya 2024. Kusajili mtoto aliyeshakua kunawezekana kupitia RITA na ofisi ya mkuu wa wilaya, lakini kunahitaji vielelezo: kadi ya kliniki, cheti cha ubatizo, cheti cha elimu ya msingi, barua ya mtendaji. Kila kielelezo kiliandikwa na mkono tofauti. Padri aliandika Fransisko, mwalimu akaandika Francis, mtendaji akaandika Fransis. Nyumbani huyo ni mtu mmoja. Kwenye meza ya afisa asiyemjua ni watu watatu, na kazi ya kuthibitisha kwamba ni mmoja ni ya mwombaji.

Ugumu huongezeka kwa desturi yetu ya majina matatu. Mtoto anasoma kwa jina lake, la baba na la babu. Baba mwenyewe kwenye kitambulisho cha taifa anatumia jina la ukoo ambalo mtoto hana. Mahali pengine hilo lingekuwa jambo dogo. Kwa Uingereza laweza kuamua kila kitu. Kanuni zao zinakubali fedha zilizo katika akaunti ya mwanafunzi mwenyewe, ya mwenzi wake, ya mzazi wake au ya mlezi wa kisheria. Akitumia ya mzazi, anatakiwa aonyeshe cheti cha kuzaliwa kinachomtaja mzazi huyo, na barua ya mzazi kuridhia. Ina maana kwamba jina la baba kwenye cheti cha kuzaliwa lazima lifanane na jina la baba benki. Kosa la karani la miaka 18 iliyopita linageuka kuwa kosa la fedha.

Na mjomba? Katika bonde hili mjomba ndiye aliyesomesha nusu yetu. Kanuni zile za Uingereza hazimtambui, hata angekuwa na ng'ombe wanaojaza bonde zima. Kama mjomba anatoa kwa moyo, basi atoe kweli: fedha zihamie kwenye akaunti ya mwanafunzi mapema, zikae siku zinazotakiwa, na iandikwe hati ya zawadi inayoeleza chanzo chake. Barua ya mjomba inayosema "nitamlipia" haitoshi.

Nawaomba walimu, hasa wa kidato cha pili na cha tatu, mfanye zoezi moja. Kabla ya usajili wa mtihani wa kidato cha nne, kila mwanafunzi alete cheti cha kuzaliwa, na majina yalinganishwe herufi kwa herufi na yale yatakayokwenda Baraza la Mitihani. Baada ya hapo kurekebisha ni kazi ya viapo, wakili na nauli. Hati ya kiapo huunganisha majina mawili, lakini faili lenye viapo vinne linamchosha msomaji hata kama kila kiapo ni cha kweli.

Cheti kikishakuwepo, pasipoti haina miujiza. Tangu Januari 2018 tunatumia pasipoti ya kielektroniki. Maombi hujazwa mtandaoni, malipo ya shilingi 150,000 hupitia namba ya malipo ya serikali, na mwombaji hufika ofisi ya Uhamiaji kwa usaili na alama za vidole. Watakuuliza kuhusu uraia wa wazazi na sababu ya safari, kwa hiyo chukua vyeti vya wazazi au viapo vyao, na barua ya udahili. Chukua pia kadi ya NIDA, yaani kitambulisho cha taifa, kama umefika umri wake. Fika mwenyewe. Vishoka wanaokaa nje ya ofisi wakiuza "wepesi" hawana dirisha lao ndani.

Kabla ya kulipa chuo chochote, pita Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, TCU. Huko utajua kama chuo kinatambuliwa, utapata cheti cha kutokuwa na pingamizi cha kwenda kusoma nje, na utaweza kuuliza kama wakala wako amesajiliwa. Ukirudi na shahada, ni TCU hiyohiyo itakayoitathmini. Anayekwenda kusomea udaktari akumbuke kwamba nyuma ya TCU kuna Baraza la Madaktari Tanganyika. Kuna viza zilizotolewa kihalali kabisa kwenda kwenye vyuo ambavyo vyeti vyake havikumsaidia mtu.

Fedha za mpunga

Hapa naomba wazazi wakulima wanisikilize zaidi, kwa sababu mfumo wa viza haukutengenezwa kwa kufikiria maisha yetu. Ulitengenezwa kwa mtu wa mshahara. Afisa amezoea taarifa ya benki inayoonyesha kiasi kilekile kikiingia kila tarehe 25 na kutoka kidogo kidogo.

Mkulima wa Kilombero anaingiza fedha mara mbili au tatu kwa mwaka. Anavuna mpunga kati ya Mei na Julai. Anauza kidogo kulipa madeni ya kupalilia, anapeleka mwingine mashineni, na mwenye uvumilivu anahifadhi magunia mpaka bei ipande kuelekea masika. Taarifa yake ya benki, kama anayo, inaonyesha miezi minane ya ukimya, kisha milioni 12 zinaingia siku moja, kisha zinatoka. Kwa macho ya afisa hiyo ndiyo sura ya fedha iliyoazimwa kuonyeshwa. Mkulima ni mkweli, ila karatasi zake zinafanana na za asiye mkweli.

Dawa yake ni kuandika maisha yetu kama yalivyo. Kuna vitu vitano vinavyowezekana hapa Ifakara bila kumjua mtu.

Kwanza, mauzo yapitie benki. Mnunuzi alipe kwenye akaunti, au ukilipwa taslimu peleka fedha zote benki kabla ya kugawa. Daftari la VICOBA ni ushahidi wa heshima kwa majirani, lakini Uingereza kwa mfano inataka taasisi ya fedha inayosimamiwa kisheria. Toa akiba VICOBA, iweke benki.

Pili, hifadhi stakabadhi: ya mashine ya kukoboa, ya ushuru wa mazao, ya ghala, ya chama cha ushirika. Kila moja ni kipande kidogo, lakini stakabadhi za misimu mitatu zinaonyesha shughuli ya kudumu.

Tatu, ardhi. Wilaya za Kilombero, Ulanga na Malinyi zilibahatika kuingia katika mpango wa serikali na wafadhili wa kupima mashamba ya vijiji na kutoa hati miliki za kimila, chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji Namba 5 ya 1999. Waliopata hati hizo wengi wamezifungia kabatini wakisubiri mkopo. Nakala yake ndani ya faili la mwanafunzi inajibu maswali mawili kwa mpigo: chanzo cha fedha ni hiki, na kijana ana kwao pa kurudi.

Nne, barua ya mtendaji inayoeleza mzazi analima ekari ngapi, wapi na tangu lini. Barua iwe mahususi. Ile ya "namtambua mtajwa hapo juu kuwa ni mkazi wangu" haimsaidii mtu. Nyaraka za Kiswahili zitafsiriwe na mtafsiri anayetambulika. Baraza la Kiswahili la Taifa, BAKITA, hufanya kazi hiyo na kugonga muhuri.

Tano, ukurasa mmoja wa maelezo. Mwanafunzi aeleze kwa lugha nyepesi kwamba familia yake ni ya wakulima wa mpunga, fedha huingia baada ya mavuno, na hela iliyoingia tarehe fulani inatokana na mauzo ambayo stakabadhi zake zimeambatishwa. Usimwachie afisa akisie. Hajawahi kuona gunia la rumbesa.

Kuna jambo la kalenda ambalo linaumiza. Vyuo vingi vya Ulaya hufungua Septemba au Oktoba. Mkulima anayesubiri bei ya Februari atakuwa na fedha nzuri wakati dirisha limefungwa, na anayeuza Juni anapata bei ya chini. Hili halina ujanja isipokuwa kupanga kwa mavuno mawili. Mavuno ya mwaka wa kwanza yanakuwa akiba isiyoguswa, ya mwaka wa pili yanajazia. Pia kuna vyuo vinavyopokea wanafunzi Januari, na kwa familia ya mpunga Januari huwa rafiki zaidi. Na kwa kuwa shilingi hupanda na kushuka, weka ziada. Faili limewahi kuanguka kwa upungufu wa pauni chache siku ya 20.

Wazazi wengine hutegemea kwamba mtoto atafanya kazi kule ajilipie. Kazi inaruhusiwa kwa kipimo: Uingereza ni saa 20 kwa wiki wakati wa masomo kwa wanaosoma shahada, Ujerumani ni siku nzima 140 kwa mwaka. Fedha hizo za kesho hazihesabiki kwenye maombi ya leo. Ukiandika kwamba utalipa ada kwa kazi, umejibu swali la kwanza vibaya: huyu ni mwanafunzi, au ni mtafuta kazi?

Karatasi za uongo

Panapokuwa na dirisha gumu hapakosi mtu anayeuza ufunguo. Anauza taarifa ya benki ya kutengeneza, barua ya mwajiri asiyekuwepo, "mzazi" wa Dar es Salaam mwenye akaunti nono. Husema ubalozi hauhakiki.

Benki hupigiwa simu. RITA huhakiki vyeti vyake. Baraza la Mitihani lina kumbukumbu zake. Uingereza ikibaini udanganyifu kwenye maombi inaweza kumfungia mtu miaka 10. Marekani, udanganyifu wa makusudi humfanya mtu asistahili viza maisha yake yote, mpaka apewe msamaha maalumu. Na aliyesaini fomu ni mwanafunzi. Kishoka hana jina mahali popote.

Tofautisha hayo na kukataliwa kwa kawaida. Kukataliwa kwa sababu ya upungufu si aibu wala si mwisho. Barua ya kukataliwa hutaja sababu. Isome pamoja na mtu mwingine, rekebisha kilichotajwa, na kwenye maombi yajayo sema wazi kwamba uliwahi kukataliwa. Anayeficha amegeuza upungufu kuwa uongo.

Kwa nini kozi hii, na kwa nini kule

Baada ya karatasi kuna mdomo. Uingereza huweza kukuita kwenye mahojiano kwa video, nchi nyingine huhoji ana kwa ana. Maswali hayana mitego mingi: kwa nini kozi hii, kwa nini chuo hiki, kwa nini usisome Tanzania, nani analipa, utafanya nini baadaye.

Vijana hukariri majibu ya mtandaoni. Mia moja wanasema "chuo chenu kina hadhi ya kimataifa na mazingira rafiki". Afisa ameshasikia. Ninyi mmezaliwa juu ya majibu bora kuliko hayo. Bonde la Kilombero ni ardhioevu ya Ramsar tangu 2002, kilomita za mraba 7,967, makao ya sheshe, swala ambao sehemu kubwa ya waliobaki duniani ilikuwa hapa. Ng'ombe, mashamba ya miwa na mpunga vinagombea maji yaleyale. Anayetaka kusoma usimamizi wa maji ana sababu inayomwagika mlangoni kwao kila masika. Anayetaka kusoma elimu ya wadudu amekulia jirani na Kining'ina, ambako watafiti wa Taasisi ya Afya Ifakara wamejenga vibanda vya wavu kuchunguza mbu. Aseme hayo kwa maneno yake, kisha aeleze somo gani kwenye kozi ile linajibu tatizo gani hapa.

Swali la "kwa nini usisome Tanzania" lijibiwe kwa heshima. Hapa mjini tuna Chuo Kikuu Kishiriki cha Mtakatifu Fransisko cha Afya, Morogoro kuna Sokoine. Usiviseme vibaya ili kuipamba ng'ambo. Taja kitu ambacho kozi ile inacho na ya hapa haina. Usipokipata, pengine swali limekujibu wewe: soma hapa kwanza, nenda nje kwa uzamili, ambako ufadhili ni mwingi zaidi.

Kuhusu kurudi, jueni sheria badala ya kudanganya. Uingereza na Ujerumani zinaruhusu mhitimu kubaki kwa muda fulani kutafuta kazi, kwa utaratibu wake. Uswisi inataka ahadi ya kuondoka. Atakayeomba Basel kwa maneno aliyoyatoa kwenye maombi ya Manchester anajiponza bila sababu.

Milango isiyo na dirisha

Nisiwaache mkidhani elimu ya nje ni Ulaya tu. Itifaki ya Soko la Pamoja la Afrika Mashariki, iliyoanza kutumika 2010, inampa mwanafunzi wa Tanzania haki ya kuingia Kenya, Uganda, Rwanda na Burundi bila viza, akaomba kibali cha mwanafunzi akiwa huko. Makerere ilikuwa chuo chetu kabla hatujawa na chetu. Na mwaka 2023 India ilileta chuo chake kwetu: tawi la IIT Madras lilifunguliwa Zanzibar, na kijana wa Ifakara anafika huko kwa basi na boti.

Umbali pia una hatari zake. Aprili 2023 vita vilipozuka Khartoum, serikali yetu ililazimika kuwatoa Watanzania Sudan, wengi wao wanafunzi. Mwaka mmoja kabla ilikuwa Ukraine. Kokote mtoto aendako, ajiandikishe ubalozi wetu ulio karibu mara anapofika.

Tuanze wapi

Nina maombi matatu, na kila moja lina mwenyewe.

Wazazi: kabla ya mavuno yajayo, kila mwenye mtoto wa kidato cha kwanza na kuendelea awe na cheti cha kuzaliwa cha mtoto huyo na akaunti ya benki inayopokea fedha za mpunga, hata kama hamna ndoto ya ng'ambo. Cheti hichohicho ndicho Bodi ya Mikopo itakitaka akienda kusoma Dodoma au Dar es Salaam, kwa hiyo hakuna kinachopotea.

Ndugu watendaji wa kata na vijiji mliopo: barua mnazoandika zinasomwa mbali kuliko mnavyodhani. Wekeni ekari, wekeni mwaka, wekeni majina kama yalivyo kwenye kitambulisho, na bakini na nakala.

Wakuu wa shule: teueni mwalimu mmoja wa nyaraka, kama mlivyo na mwalimu wa nidhamu na wa michezo. Kazi yake ni kulinganisha majina, kuwajulisha wanafunzi muda wa maombi ya ufadhili, na kuwaonyesha wavuti rasmi ya kila ubalozi, ambako masharti husomwa bure na hubadilika kila mwaka. Takwimu nilizozitaja leo zihakikiwe huko siku mtakapozihitaji.

Enyi vijana, alama mtazitafuta wenyewe. Hilo sitalihubiri, walimu wenu wanalihubiri kila asubuhi. Ila mwenye alama nzuri na faili lililopangika hana haja ya kumwogopa mtu dirishani, kwa kuwa kila atakachoulizwa kimeshaandikwa, na kilichoandikwa ni kweli.

Nimemaliza yangu. Wenye maswali waanze, na walioleta vyeti kama walivyoombwa wasogee meza ya mbele. Tutavisoma herufi kwa herufi.